Alama za Chakula na Haki ya Mpishi



Maneno ya wiki hii yalianza na bakuli la mchuzi wa papa. Usiku mmoja baada ya Isha tulikuwa tumekaa mkekani kama ilivyo ada yetu, sinia katikati. Binti yetu mwenye umri wa miaka 16 alitia tonge kinywani, akatafuna kidogo, kisha akasema kwa mzaha: "Mchuzi wa leo naupa nne juu ya kumi." Nduguze wakacheka. Mama watoto hakusema neno. Aliongeza wali pale ulipopungua, na tulipomaliza akakusanya vyombo mapema kuliko desturi yake.

Tulimuuliza binti maneno yale ameyatoa wapi, naye akatuonyesha katika simu. Wako vijana, wa hapa kwetu na wa ng'ambo, ambao huingia katika duka la vyakula vya haraka, wakaagiza kila kilichoandikwa ubaoni, wakaonja kimoja baada ya kimoja na kukipa alama mbele ya kamera. Baadhi yao wana adabu na hujua wanalolisema. Wengine huuma mara moja, hukunja uso, humkejeli aliyepika, na kinachobaki hutupwa. "Baba, ni haramu?" akatuuliza.

Jibu tulikuwa nalo kinywani, tukalizuia. Mtoto anayekatazwa jambo asiloelewa sababu yake huenda akalifanya kwa siri. Tukaona ni bora tulifanye naye jambo lenyewe, kwa masharti, ili tuone sote wema wake uko wapi na ubaya wake uko wapi. Mtaani petu kuna duka la chipsi lenye ubao wa vyakula kumi na sita. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mwenyewe hakutuomba tumsifu wala tumkosoe jaridani. Tukakubaliana kwenda Alhamisi nne mfululizo, kila mara vyakula vinne, sahani moja ya kila kitu kwa watu watano, na hapana kuondoka mpaka sahani ziwe tupu. Qur'ani imetuamuru tule na tunywe bila israfu, na anayeagiza ili aonje na kutupa hana pa kujitetea mbele ya amri hiyo.

Kabla ya kutoka nyumbani tuliwasomesha watoto mambo matatu. La kwanza, imesihi kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume wetu (s.a.w.) hakupata kukitia chakula ila hata siku moja, akikitamani hula, asipokitamani hukiacha. Imamu Nawawi, katika kuisherehesha hadithi hii, ameeleza kwamba kutia ila ni kama mtu kusema chakula kina chumvi nyingi, au kichachu, au hakikuiva. Binti aliposikia hayo akatazama chini.

La pili, Mtume (s.a.w.) aliwekewa nyama ya mjusi wa jangwani, asile. Alipoulizwa kama ni haramu, akasema si haramu, ila mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wake na nafsi yake haimpendi. Khalid bin al-Walid (r.a.) akaivuta kwake na kuila mbele yake. Kwa hivyo kusema "mimi sikizoei" si kosa. Ni kueleza hali ya nafsi yako, na chakula kinabaki na heshima yake.

La tatu, Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya rundo la nafaka, akakuta unyevu chini. Muuzaji akasema ni mvua. Akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akatahadharisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Basi kufichua udanganyifu si kutia ila. Ladha ni riziki, na riziki haitukanwi. Kipimo na usafi ni haki ya mnunuzi, na haki huulizwa.

Kwa masharti hayo tukaenda.

Alhamisi ya kwanza ilikuwa ya viazi. Chipsi zilikuja za moto, za dhahabu, na kijana wetu wa miaka 13 akazipa tisa kabla hajameza. Tukamwambia angoje. Chipsi njema huoshwa kwanza ili wanga utoke, hukaushwa, kisha hukaangwa mara mbili: mara ya kwanza kwa moto wa wastani kiazi kiive ndani, mara ya pili kwa moto mkali kikauke nje. Hizi zilikaangwa mara moja tu, na baada ya robo saa zikalegea kama kitambaa kilicholowa. Tukakutana kwenye sita. Chipsi masala zilikuwa chipsi za mchana zilizochanganywa na nyanya, dania na pilipili. Kijana akasema zimevikwa kanzu ili ziende jioni. Tukacheka, kisha tukamuuliza kama hilo ni ila au ni ushahidi. Akafikiri, akasema ni ushahidi, maana aliziona zikitolewa kabatini. Tano.

Bhajia zilitunyamazisha. Viazi vilikatwa vyembamba, vikapakwa unga wa dengu wenye dania na pilipili, vikakaangwa mbele yetu na kijana mmoja ambaye jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Tisa, bila mabishano. Viazi karai navyo, vya manjano kwa bizari, vikapata nane pamoja na chatini yake ya ukwaju. Hapo tuliwaambia watoto habari ambayo huenda hata wasomaji wengine hawajaifikiria. Kiazi asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Ufundi wa kukizamisha katika uji wa unga na kukikaanga umetufikia kutoka Bara Hindi. Ukwaju ni mti wa Afrika yenyewe. Vitu hivyo vitatu vikakutana katika karai moja hapa Mombasa, na leo mtoto wa Pwani huviona ni vyake tangu na tangu. Chakula hakina uchoyo wa nasaba kama sisi wanadamu.

Alhamisi ya pili ilikuwa ya nyama, na ndiyo iliyotupa mtihani. Mishkaki ilikuwa laini. Mwenyewe alituambia huilaza nyama katika papai bichi, tangawizi, kitunguu thomu na ndimu. Utomvu wa papai bichi hulainisha nyama, na hilo mama zetu walilijua kwa mazoea zamani. Tisa. Kababu zilipata sita. Kuku wa kukaanga alikuwa na ganda zuri na chumvi nyingi, na kwa kuwa tumekatazwa kutia ila, tukasema tu kwamba tulikunywa maji glasi tatu. Hapa tuwakumbushe akina mama jambo la afya: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe chumvi ya gramu 5 kwa siku nzima, nacho ni kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Nyumba nyingi zetu sasa zina mgonjwa wa presha. Kulisema hili ni nasaha kwa mwili, na mwili ni amana. Sita.

Sambusa ubaoni ziliandikwa "Sambusa za Nyama", nne kwa shilingi 200. Zilikuwa zimenona kwa nje, manda nyembamba, pembe zimekazwa vizuri. Tulipopasua ya kwanza ikatoka hewa na kitunguu. Ya pili vivyo hivyo. Katika nne zote nyama ya kuonekana ilikuwa ya kuijaza nusu ya moja. Ladha yake, haki ya Mungu, ilikuwa njema. Binti akatuangalia akangoja. Hili si swali la ladha, tukasema; hili ni lile rundo la nafaka.

Lakini nasaha nayo ina adabu zake. Mtu akinasihiwa mbele ya wateja wake amefedheheshwa. Tukaacha watoto na mama yao mezani, tukangoja watu wapungue, tukamwendea mwenye duka kando ya jiko na kumwambia kwa sauti ya chini. Alinyamaza. Kisha akatueleza bei ya nyama ilivyopanda, na kwamba akipandisha bei ya sambusa watoto wa shule hawatanunua. Hatukuona kwamba anasema uongo. Tukamwambia kuweka kitunguu kingi si kosa, kosa ni neno moja lililoko ubaoni. Tukarudi tukakaa. Alhamisi iliyofuata tulikuta ubao umefutwa mahali pamoja na kuandikwa upya kwa chaki: "Sambusa za Vitunguu na Nyama". Bei ilikuwa ile ile. Tukaziagiza tena, ingawa hazikuwa zamu yake, na safari hii tukazipa nane.

Alhamisi ya tatu ilikuwa ya vyakula vilivyotufikia juzi juzi. Baga, wengine hudhani jina lake la Kizungu lina nyama ya nguruwe ndani yake, na kuna nyumba zilizoikataa kwa sababu hiyo. Jina hilo limetokana na mji wa Hamburg, Ujerumani. La kuuliza ni kama nyama imechinjwa kisheria, na mwenye duka akatutajia bucha yake bila kusita. Ilipata tano, maana mkate ulikuwa mwingi na nyama ilikuwa nyembamba. Kijana, aliyeitamani mwezi mzima, ndiye aliyesikitika zaidi. Shawarma, neno lililoingia katika Kiarabu kutoka Kituruki kwa maana ya kuzungusha, ilipata saba.

Pizza ilipofika, sisi tuliikata kipande, tukaionja, tukaiweka chini. Jibini ile iliyovutika kama gundi haikutuingia. Watoto wakatutazama kwa hamu, wakingoja kuona sheikh atatia ila. Tukasema: "Haikuwa katika nchi ya watu wetu." Wakaangua kicheko, wakaivuta upande wao na kuimaliza, wakaipa nane. Sisi hatukuipa kitu. Mkate wa mayai ukaja nyuma yake, umekunjwa mraba, yai na nyama ya kusaga ndani, umekatwa vipande vinne na ndimu pembeni. Tulikula bila ya kusema. Tisa, na kitinda mimba wetu wa miaka minane akadai iwe kumi na moja.

Alhamisi ya nne tulibakiwa na mhogo wa kukaanga na vinywaji. Mhogo, wenye pilipili na ndimu, shilingi 80 kwa sahani, ndio uliokuwa rahisi kuliko vyakula vyote ubaoni, ukapata nane na kushinda vya mia tatu. Maji ya ukwaju yakapata tisa, faluda yenye sharbati ya waridi na mbegu za mrehani ikapata nane. Ilipofika soda tuliwaomba watoto waiache bila alama, badala yake wahesabu. Soda nyingi za mililita 300 huwa na sukari ya gramu 30 na kitu, yaani yapata vijiko vinane vya chai. Tukaomba kijiko na bakuli la sukari, kijana akavihesabu vinane ndani ya glasi tupu na kuiweka karibu na chupa. Waliigawana soda ile kwa sababu ya sharti letu la sahani tupu, lakini hapana aliyeomba nyingine.

Tulikuwa tumemaliza kumi na sita. Fedha zilizotumika, ukiondoa zile sambusa za mara ya pili, zilikuwa shilingi 3,150. Binti akatoa daftari lake, akasoma alama zote, kisha akasita. Akageuka kwa mama yake. "Mama, wiki nne hizi hukutoa hata alama moja. Mbona?"

Ni kweli. Sisi tulidhani hapendi mchezo.

Mama watoto akapangusa mikono. Akasema: "Mimi napika kila siku. Mtu akisema chumvi, najua saa ile nilikuwa na nini mikononi. Gesi ilikuwa ikikwisha, au wewe una homa, au natazama saa babenu asije akakuta sufuria bado iko motoni. Yule wa bhajia namwona anavyotoka jasho. Nimpe nambari gani?" Kisha akacheka kidogo, akatuelekezea kidole. "Na muulizeni babenu ule wali wa wageni wake wa Lamu."

Hatukuukumbuka. Alipotukumbusha, tukaukumbuka wote. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, miaka 22 sasa. Walitufikia masheikh wenzetu watatu, naye akapika wali wa nazi na kuku wa kupaka tangu alfajiri. Tulipotia tonge la kwanza tukaita kwa sauti kuelekea jikoni, tukitaka kuwachekesha wageni, tukauliza kama chumvi imepanda bei mjini. Wageni walicheka. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

Tangu hapo, kila usiku, sinia ikishawekwa na kabla mkono wa mtu haujagusa chakula, yeye huuliza: "Chumvi iko sawa?" Miaka 22. Sisi tulidhani ni adabu ya malezi yake, na mara nyingi tumeitikia kwa kichwa tu, au hatukuitikia. Tumeisomesha ile hadithi ya Abu Hurayra darsani mara zisizo na idadi, na hatukupata kujua kwamba swali linaloulizwa nyumbani mwetu kila usiku lilikuwa ni jeraha la maneno yetu wenyewe.

Binti alifunga daftari. Hakusema kitu, nasi hatukumlazimisha. Tuliomba radhi pale pale mezani, mbele ya watoto, kwa kuwa kosa lilifanywa mbele ya watu. Mama watoto akasema yameshapita, tunyanyuke, kesho ni Ijumaa na kanzu zinangoja pasi. Njiani binti alitembea naye mbele, wameshikana mikono, wakinong'ona mambo ambayo hatukuyasikia wala hatukuyauliza.

Tulidhani baada ya usiku ule swali lingekoma. Halikukoma. Usiku uliofuata sinia iliwekwa, naye akauliza kama ada: "Chumvi iko sawa?" Miaka 22 haifutwi kwa Alhamisi moja. Lakini sasa tunaweka tonge kinywani, tunalitafuna, na tunamjibu kwa neno kamili, na watoto wanasikia.

Wasomaji wetu, tuchukue machache. Mwenye kula akitamani na ale, asipotamani na aache kwa upole, aseme sijakizoea, asiseme kibaya. Akiona udanganyifu wa kipimo au uchafu, na amnasihi mwenyewe faraghani kwanza. Anayepika kwa ajili ya umma ana wajibu wa usafi na cheti chake cha afya, na kumuuliza si kumdhulumu. Na mwenye kuona zuri na aliseme, tena kwa sauti. Jabir bin Abdillah (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaomba watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakasema hawana ila siki. Akaitaka, akala nayo, akaisifu siki ile. Hakuwa na mchuzi wa papa wala kuku wa kupaka, na aliyemwandalia hakutoka pale amevunjika moyo.

Baba zetu mnaosoma kwa kuazima jarida la mama, nanyi pia mjiulize: nyumbani mwenu kuna swali gani linaloulizwa kila siku, na lilianza na neno gani?

Binti yetu ametuomba tuwaandikie pia alama zote kama zilivyo daftarini, ili mtu asiseme tumezificha. Chipsi 6, chipsi masala 5, bhajia 9, viazi karai 8, mishkaki 9, kababu 6, kuku 6, sambusa 8 baada ya kusahihishwa ubao, baga 5, shawarma 7, pizza 8 ya watoto peke yao, mkate wa mayai 9, mhogo 8, maji ya ukwaju 9, faluda 8, soda vijiko vinane. Chini kabisa kuna mstari alioukata kwa kalamu mara mbili, lakini bado unasomeka: mchuzi wa papa, nne. Kando yake hakuandika nambari nyingine. Ameandika, "Mama alikuwa amefunga siku hiyo."

Nasi hatukuwa tumelijua hilo.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika alichoturuzuku, awalipe kheri wanaotupikia, na atusamehe ulimi. Amin. Wabillahi tawfiq.